Barua ya Wazi: Pimeni Masikio na Mapafu ya Walipuaji wa Baruti wa Chunya

Kwa Waziri wa Madini, Waziri wa Afya, Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), Tume ya Madini na Mkuu wa Mkoa wa Mbeya

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Makongolosi. Nawaandikia kuhusu watu wanaotega na kulipua baruti kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, ya wilaya yetu, pamoja na wale wanaoshuka chini baada yao kwenda kukusanya mawe. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya utumishi wangu nimeifanya kwenye zahanati za Wilaya ya Chunya, na kaka yangu wa tumbo moja alikuwa mlipuaji. Ombi langu kubwa ni moja, nalisema mapema kwa ajili ya asiye na muda wa kufika mwisho wa barua: mtu asipewe cheti cha kulipua baruti, wala asihuishiwe alichonacho, mpaka apimwe usikivu na mapafu, na majibu yake yatunzwe na kulinganishwa kila mwaka.

Duara likiporomoka au baruti ikiua, mnakuja. Nimewaona mkija, mmesimama juani na wafiwa, mmetoa pole na maagizo, na hilo tunalishukuru. Lakini watu wengi wanaoharibiwa na baruti hawafi siku ya mlipuko wala hawatoki damu. Wanapanda juu kwa miguu yao, wananawa, wanakula. Kuharibika kwao huchukua miaka, kwa hiyo hakuna taarifa inayowataja na hakuna kiongozi anayeitwa.

Nchi yetu inaujua mlipuko. Hatujasahau Mbagala Aprili 2009, wala Gongo la Mboto Februari 2011, maghala ya silaha yalipolipuka na watu wakakimbia na watoto mgongoni. Pale kila aliyejeruhiwa alijulikana kuwa ni mtu wa mlipuko. Huku Lupa, eneo la machimbo la wilaya yetu, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920, mtu hukaa jirani na mlipuko kila siku ya kazi, na akija zahanati anaandikwa kichwa kinauma.

Naomba nieleze kinachotokea, maana nimekutana na viongozi, tena wasomi, wanaoamini kwamba usipopigwa na jiwe umesalimika. Baruti ikilipuka, hewa husukumwa ghafla na msukumo huo hupita ndani ya mwili. Nyama na mifupa huuhimili kwa kiasi. Panapoumia kwanza ni pale penye hewa: sikio, mapafu, utumbo. Mtu yeyote wa gereji anajua kuwa tairi la gari dogo hujazwa upepo hadi kama 30 kwenye geji. Ngoma ya sikio la mwanadamu inaweza kuchanika kwa 5 ya geji hiyo hiyo, yaani karibu kilopaskali 35. Mapafu nayo huanza kuumia kwenye kama mara tatu ya hapo. Chini ya ardhi hatari inazidi, kwa sababu wimbi la mlipuko likigonga ukuta wa mwamba linarudi na kugonga upande wa pili. Aliyejibanza kwenye kona ya njia, akidhani jiwe linamkinga, anaweza kuumia kuliko aliyekuwa nje uwanjani kwa umbali ule ule. Na ngoma ya sikio kuwa nzima haimaanishi kwamba mapafu ni mazima. Naliandika hili hasa kwa waganga na wauguzi vijana waliopangiwa zahanati za machimboni: aliyekutwa na mlipuko ndani ya duara abaki chini ya uangalizi, hata kama anacheka.

Kaka yangu hakupasuka sikio hata siku moja. Alichopoteza kwanza ni sauti nyembamba. Hakusikia simu ikiita, hakusikia mjukuu wa kike akimwita kutoka jikoni, lakini wanaume wenzake aliwasikia vizuri, kwa hiyo alikataa kabisa kuwa ana tatizo na kusema sisi wanawake tunanong'ona. Wifi yangu alikuwa akimgusa bega la kushoto kabla ya kuzungumza naye, maana sikio la kulia ndilo lililotangulia kufa. Usiku lilimlia nziii mpaka alfajiri. Akaacha kwenda vikao vya ukoo, kwa kuwa watu watatu wakizungumza pamoja haambulii kitu, na ukoo ukasema ana majivuno kwa sababu amewahi kushika dhahabu. Mtu aliyekuwa akiimba sauti ya nne kwaya ya kanisa akawa hafungui kinywa ibadani.

Haya hayatokani na mlipuko peke yake. Kabla ya kulipua kuna kutoboa. Kiwango kinachokubalika na wataalamu wengi wa usalama kazini ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila kelele ikiongezeka kwa desibeli 3, muda salama hupungua nusu. Mashine ya kutoboa mwamba inayoendeshwa na kompresa huvuka desibeli 110. Kwa hesabu hiyo kijana anamaliza kiwango chake cha siku nzima kabla dakika mbili hazijaisha, naye hushika mashine kwa saa kadhaa kwenye njia nyembamba. Kwa kishindo cha ghafla mpaka unaotumika ni desibeli 140, na baruti huuvuka kwa urahisi. Vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikishakufa haviotei tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha, si Chunya, si Muhimbili, si India.

Mashine hiyo hiyo hutikisa mikono. Baada ya miaka, mishipa ya vidole huanza kusinyaa kila panapokuwa na baridi, vidole vikafa ganzi na kushindwa kufunga kifungo. Chunya kuna joto, mtu hajui. Anajua akienda msibani Makete au Rungwe mwezi Juni, akashindwa kushika kikombe cha chai mbele ya wakwe.

Vijana wengi hawavai vizibo vya masikio, na wanayo sababu ambayo sijasikia wakaguzi wakiijibu. Wanasema: nikiziba masikio nitausikiaje mwamba? Wanasema kweli. Mwamba unaotaka kushuka hulia kwanza na kumwaga vijiwe, na waliopona wamepona kwa kusikia. Basi wafundishwe kuziba wakati wa kutoboa na wakati wa kulipua, kisha wafungue wakati wa kukagua paa. Lakini mwone pia upande wa pili wa hoja yao: kijana aliyeharibiwa usikivu hasikii tena onyo la mwamba, wala filimbi ya mwenzake anayetangaza kuwa utambi umewashwa.

Kuna jambo la kichwa, nalo naliandika kwa uangalifu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika kuhusu askari ambao makombora yalilipuka karibu nao, wakapoteza kumbukumbu, kuona, kunusa na kuonja. Kwa muda mrefu watu wa namna hiyo walionekana waoga. Mwaka 2016 kundi la Daktari Daniel Perl wa Marekani lilichapisha uchunguzi wa bongo za wanajeshi waliofariki, waliowahi kukaa kwenye milipuko, likaonyesha makovu ya aina yake pale ambapo tabaka za ubongo hukutana na karibu na mishipa ya damu, makovu ambayo picha za kawaida za hospitali hazikuyaonyesha walipokuwa hai. Jeshi la nchi hiyo sasa hufuatilia msukumo wanaoupata askari wakiwa mazoezini, na kipimo cha 4 kwa geji ile niliyoitaja ndicho kimetumika kama mpaka wa tahadhari. Utafiti mwingi umewahusu askari, na mlipuaji wa Matundasi si askari. Lakini nimekaa na wake za walipuaji kwenye benchi la kliniki ya watoto, na wanachosimulia kinafanana mno: mume anasahau alichotumwa dukani, halali, anawaka hasira kwa jambo dogo, kisha anakaa kimya siku nzima. Wanaambiwa ni pombe. Wengine ni pombe kweli. Ninachoomba ni kwamba mtu aulizwe kazi yake kabla hajaambiwa ni pombe.

Sasa nije kwenye moshi, ambao ndio umenifanya nishike kalamu.

Moshi wa baruti una gesi mbili za kuogopwa. Moja ni kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni tunayoivuta. Mtu huumwa kichwa, miguu inalegea, analala palepale, na anayeshuka kumwokoa bila kifaa analala juu yake. Nyingine ni naitrojeni dioksaidi, ile yenye rangi ya kutu, ambayo huongezeka baruti ikiwa imelowa maji au mchanganyiko wake haukukaa sawa. Hii ina hila. Ukiivuta unakohoa kidogo, macho yanawasha, unatoka nje unajisikia vizuri. Saa nyingi baadaye, mara nyingi usiku, mapafu yanaanza kujaa maji.

Nilimpokea kijana wa namna hiyo. Aliletwa alfajiri kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya wenzake wawili ili asianguke, amekaa wima kwa sababu akilala hapumui. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na kwenye kona ya kinywa lilitoka povu jepesi lenye wekunduwekundu. Wenzake waliapa kwamba hakuwa mgonjwa. Jana yake jioni walilipua, wakasubiri kidogo, wakashuka, kwa sababu kompresa ilikuwa ya kukodi na mwenyewe alitaka hesabu yake. Moshi ulikuwa bado upo, wakajifunga vitambaa vilivyoloweshwa maji. Walipopanda, wakanywa maziwa kama ilivyo desturi, wakala ugali na dagaa, na kijana huyo ndiye aliyekuwa akiwachekesha wengine. Tulimwinua, tukampa oksijeni iliyokuwa imebaki kwenye mtungi, tukatafuta gari la kumpeleka mbele. Hakufika. Kwenye kitabu ikaandikwa homa ya mapafu.

Kila mchimbaji niliyemuuguza anaamini maziwa husafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, gesi imekwenda kwenye mapafu, na njia hizo mbili hazikutani. Kitambaa chenye maji kinapunguza vumbi kidogo, lakini kaboni monoksidi inapita kana kwamba hakuna kitu. Nimelisema hili kwenye mikutano ya vijiji mpaka sauti ikanikauka. Sauti ya muuguzi mmoja haitoshi. Kinachotakiwa ni hewa safi kusukumwa chini kwa feni na bomba refu linalofika mwisho wa njia, na kifaa cha kupima gesi kushushwa kwa kamba kabla ya mtu. Muda wa kusubiri hautoki kichwani mwa msimamizi. Nusu saa inaweza kutosha kwenye duara lenye hewa, na usiku mzima usitoshe kwenye duara lisilo na hewa. Bila kipimo watu wanabahatisha, na anayebahatisha kwa haraka zaidi ni mwenye deni.

Vumbi la mawe nitalisema kwa ufupi, maana linazungumzwa zaidi kuliko haya mengine. Mlipuko husaga mwamba kuwa vumbi laini lisiloonekana, lenye silika, madini yaliyomo ndani ya mwamba, na silika ikishakaa kwenye mapafu huacha makovu yasiyofutika na kumfungulia mtu mlango wa kifua kikuu. Kijana anamaliza dozi ya kifua kikuu, makohozi yako safi, bado anahema akipanda ngazi ya kanisa. Anarudishiwa dawa za kifua kikuu. Picha ya kifua ikisomwa na mtu anayejua kuwa mgonjwa ametoboa mwamba kwa miaka kumi, jibu linaweza kuwa tofauti. Wanawake wanaoponda na kuchekecha mawe karibu na makarasha, zile mashine za kusaga mawe, wengine na mtoto mgongoni, wanavuta vumbi lile lile, wala hakuna anayewaita wachimbaji.

Waheshimiwa, sheria tunazo. Sheria ya Baruti ni ya mwaka 1963. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inataka mfanyakazi apimwe afya. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 imetuletea Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Shirika la Kazi Duniani, katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi iliyorekebishwa mwaka 2010, limeutaja uziwi wa kelele, limeutaja mtikisiko wa mashine, limeyataja makovu ya silika. Lakini mtu wangu wa duara hana mkataba wala mshahara. Analipwa kwa mgao wa mifuko ya mawe, na mawe yakikosa dhahabu hakulipwa. Mwenye leseni anasema si mwajiriwa wangu. Mwenye duara anasema sisi ni wabia. Siku mtu akiwa kiziwi au akishindwa kupumua, kila mmoja ananyoosha kidole kwa mwenzake, na mzigo unarudi kwa mke anayeuza ndizi stendi.

Ndiyo maana nimeng'ang'ania cheti. Baruti haiuzwi kama sukari. Kuna kibali, kuna stoo iliyosajiliwa, kuna daftari la aliyechukua na kiasi alichochukua, na kuna mtu mwenye cheti anayewajibika kulipua. Kwenye machimbo yetu yasiyo na mikataba, huo ni mlango mmoja ambao Serikali imeshausimamisha na mlipuaji halali lazima aupite. Mpimeni hapo. Kipimo cha usikivu ni mashine ndogo, vipokea sauti na chumba tulivu. Kipimo cha pumzi ni mtu kupuliza kwenye mrija. Havihitaji jengo jipya. Gari moja la huduma likikaa Makongolosi, likahamia Matundasi, likaenda Itumbi, linaweza kuwafikia wenye vyeti, kisha wale wanaotoboa na wanaokusanya mawe. Aliyeanza kupoteza usikivu apangiwe kazi nyingine mapema, angali anawasikia wanawe.

Nafahamu hofu iliyopo, nayo naomba muichukulie kwa uzito. Mlipuaji akiona kipimo kitamnyang'anya cheti, atakwepa, au atamtuma mdogo wake apimwe kwa jina lake. Kwa hiyo mwaka wa kwanza kipimo kisimwondoe mtu kazini isipokuwa hali yake inawahatarisha wengine. Kiwe cha kujua alipo, na kumpa vizibo na mafunzo kwa lugha ya machimboni, si kwa vipeperushi vya Kiingereza ambavyo nimevikuta vimefungiwa karanga.

Wizara ya Afya naiomba jambo dogo lisilo na gharama kubwa. Katika vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za wagonjwa, kwenye vituo vya maeneo ya machimbo, kila mgonjwa wa masikio, kifua au kichwa kisichopoa aandikwe kazi yake na mara ya mwisho aliposhuka kwenye duara. Kama ingeandikwa hivyo, yule kijana wa bodaboda asingezikwa kama mgonjwa wa homa ya mapafu, na wenzake wasingeshuka tena kwenye njia ile ile wiki iliyofuata. Na mitungi ya oksijeni kwenye vituo hivyo ijazwe. Kwa mapafu yaliyojaa maji, oksijeni ya mapema ndiyo inayompa mgonjwa muda wa kufika hospitali.

Tume ya Madini na OSHA naomba mkae meza moja mtoe agizo moja kuhusu kurudi chini baada ya mlipuko: hakuna kushuka bila kipimo cha gesi. Vikundi vyenye leseni ndogo vinaweza kuchangia kifaa kimoja kwa maduara ya jirani, kama wanavyochangia kompresa. Mwaka 2019 mlituletea soko la madini hapa Chunya, na kila chembe ya dhahabu inapita kwenye mizani na kulipiwa mrabaha. Sehemu ya fedha hiyo inunue feni, mabomba ya hewa na vipimo vya gesi vya kukopesha. Na WCF watafute njia ya kumwandikisha mtu wa mgao, hata kama mchango wake utakatwa palepale sokoni dhahabu yake inapouzwa. Aliyetoa jiwe anajulikana duarani kwake, si mtu wa kutafutwa.

Mkuu wa Mkoa, wewe ndiye wa karibu yetu. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Mbeya mjini, na barabara ya lami kutoka Chunya tunayo. Waombe wataalamu wa masikio na vifua waje Makongolosi, wapime walipuaji wanaokubali, na matokeo bila majina yasomwe kwenye kikao cha ushauri cha mkoa. Nafasi ya kukutania nitaitafuta na viongozi wa kijiji, na wauguzi wastaafu tupo tutakaosaidia kuandikisha bila posho.

Wizara husoma bajeti zao Bungeni kuanzia Aprili. Tunaomba majibu yenu kabla ya hapo, kwa maandishi, yabandikwe kwenye ofisi za kata ambako wachimbaji wanaweza kuyasoma.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu,
Makongolosi, Wilaya ya Chunya, Mbeya